Saa ya Mashine

"Siombi radhi," Yustina alisema. "Ripoti sikutuma mimi. Nikiomba radhi nitakuwa nimekiri."

Mama Rahel, mkuu wa utumishi aliyeongoza kikao, alishusha pumzi. "Mwanangu, usishupaze shingo. Sema samahani, yaishe. Hufukuzwi, nakuahidi."

"Shikamoo nimekupa, Mama, na heshima yako iko palepale. Lakini hilo, hapana."

Athubutu nani kumlazimisha! Yustina ndiye mpima ubora wa mafuta zamu ya usiku, katika kiwanda kimoja cha alizeti pale Mkiwa, na usiku ofisi nzima hubaki naye peke yake. Wiki iliyopita mtu aliwatumia wakulima wa Mtinko ripoti ya siri, kwamba mizani ya kiwanda inawapunja kwenye kila gunia. Wakulima wakaja juu. Ripoti ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi, inayotumiwa na kila mtu. Mashine inayonasa kila kinachopita kwenye mtandao ikaonyesha imepita 4:12, ambayo kwa hesabu za kompyuta ni saa kumi alfajiri. Zamu ya nani? Ya Yustina.

Kibarua kilikuwa kinaota nyasi anakiona, na mama yake kule Sepuka anakula kwa kibarua hichohicho. Kilichomuuma zaidi ni Mama Rahel, aliyempokea kazini na kumlea, naye kuungana na wanaomhukumu.

Akamgeukia fundi wa mtandao. "Leonidas, hiyo saa ripoti ilikuja nayo?"

"Hapana. Data ikipita, mashine inayoinasa ndiyo inayoigongea saa. Inaangalia saa yake yenyewe."

"Na saa yake ikiwa ya uongo?"

"Itagonga uongo huohuo."

"Umeme ulipokatika siku chache kabla ya ripoti, ikapoteza saa, nani aliirekebisha?"

Meneja Sixbert alikohoa. "Mimi. Kuna ubaya? Asubuhi nilimuuliza mlinzi saa ngapi, akasema saa mbili. Nikaandika mbili."

Leonidas alijishika kichwa. "Lo! Bosi, kompyuta haihesabu kama sisi. Saa mbili yetu ya asubuhi, yenyewe inaiita nane. Tangu siku ile iko nyuma saa sita nzima!"

Yustina alisimama. Hasira ya wiki nzima ilimpanda, wala hakuizuia.

"Kumbe! Basi hiyo nne ni saa nne ya asubuhi. Mimi nilikuwa kwangu nimelala, na ninyi mlikuwa kantini mnakunywa chai. Muulizane nani hakwenda kwenye chai, mniache mimi mtoto wa watu!"

"Keti, mwanangu," Mama Rahel alisema taratibu. "Umeshinda. Tuishie hapo."

"Siketi! Mmenichafua mbele ya kiwanda kizima. Na huyo mtu atajwe mbele yenu wote, sasa hivi!"

Watu wakatazamana. Meneja akaanza kuwakumbuka mmoja mmoja waliokuwa kantini, akihesabu kwa vidole.

"Usijisumbue, Sixbert," Mama Rahel alisema, akiinuka. "Sikwenda mimi. Na mizani ile isipotengenezwa, kesho natuma tena."