Kidonge cha Kumnyamazisha Marehemu

Daktari aligusa paji la uso la Bi Mwanaidi, kisha akagusa juu ya sikio lake. "Bibi, ubongo wa huku mbele hauuambii tena wa huku pembeni kwamba hayo ni mawazo yako tu. Ndiyo maana unamsikia marehemu mumeo. Kidonge hiki kitamnyamazisha."

"Kwani nyumbani kwako mna watu, mjukuu wangu?"

"Wamejaa tele, bibi."

"Haya. Ndiyo maana."

Alasiri, peke yake jikoni, alikitia kidonge mdomoni. Kabla hajanywa maji, sauti ya mumewe ikaita, "Kitendawili!"

Bi Mwanaidi hakumeza wala hakutema. Uchungu ukamwenea ulimini.

"Tega," akajibu.