Mgeni Haumii

Siku hizi mgeni haumii. Akianguka popote mjini, jeraha na maumivu humwendea mwenyeji aliyemsajili.

Shaweji, aliyetoka Tanga na baiskeli yake ya kurukia, alisita juu ya ngazi za stendi ya Singida.

"Nikianguka utavunjika wewe, Ntandu."

"Ruka bwana! Au Tanga baiskeli mnabebea nazi tu?"

Akaruka. Tairi likateleza, mkono wake wa kulia ukagonga saruji, asisikie kitu. Akageuka kwa hofu. Ntandu alikuwa akicheka, mzima kabisa.

Nyumbani, mama yake Ntandu aliwapakulia ugali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliufunga kanga.

Shaweji akamtazama rafiki yake. Ntandu akamega tonge.

"Kesho mkitaka kuruka, wanangu, nipigieni kwanza," mama alisema. "Leo nilikuwa nimeshika sufuria."