Zamu ya Fundi Saa

Katika zama hizo, maombi ya viza ya ujuzi yalirithiwa pamoja na ujuzi wenyewe. Babu yake Salha aliomba akiwa fundi saa, akafariki akingoja; baba akairithi foleni, naye akafariki. Ndipo zamu ikamwangukia Salha, aliyefunzwa na baba kutengeneza saa ambazo hakuna tena aliyezivaa.

Siku ilipowadia, afisa alimwekea mezani saa mbovu ya mkono. "Iamshe, bibiye. Ikikataa, foleni yenu inafutwa."

Salha alipiga bismillahi, akaifungua, akapuliza chembe ya mchanga iliyokwama kwenye gurudumu dogo. Saa ikaanza kwenda. Afisa akagonga muhuri.

Nyumbani, vigelegele nusura vipasue paa. "Miaka sitini na mmoja, alhamdulillahi! Leo nani atatucheka?" alishangilia mama, amempakata mwana wa Salha aliyetimiza arubaini juzi. "Na huyu je, mwanangu?"

"Viza ni ya mtu mmoja, mama. Nimekwisha kumwandikisha foleni."

Shangwe ziliendelea. Mama akafungua sanduku la vifaa, akachagua koleo ndogo kuliko zote, akaitia kiganjani mwa kitoto kile, nacho kikaifumbata.