Chatu na Mwiba wa Punda

Hapo kale wanyama walikuwa na zahanati ya miguu, na kwa upumbavu wao wakamkabidhi Chatu aisimamie. Eti asiye na miguu hawezi kujipendelea!

Chatu hakuchelewa kubana matumizi. Alimfukuza Korongo, aliyekuwa akichomoa miiba kwa mdomo wake mrefu, akambakiza Fisi na msumeno wake. "Huduma imeboreshwa," akatangaza. "Foleni imekwisha."

Ilikwisha kweli. Nani angempelekea Fisi mguu wake?

Siku moja Punda, aliyewabebea wanyama wote maji kutoka mto wa mbali, alikanyaga mwiba. Akaenda zahanati akichechemea.

"Ni mwiba tu, mzee," alisema. "Nikichomolewa, narudi kazini sasa hivi."

Chatu hakuinua hata kichwa. "Miiba hatutibu siku hizi. Mguu wako bado mzima. Ukioza, njoo ukatwe."

"Yaani ningoje uoze?"

"Wenzako wote wanangoja."

Punda alirudi zizini akichechemea, akalala. Mitungi ikakauka kijiji kizima. Haukupita muda, Chatu akaja akijiburura, ulimi nje, ngozi imempasuka.

"Punda, ndugu yangu, nakufa kwa kiu! Niletee maji."

Leo amekuwa ndugu! Punda alimtazama kuanzia kichwani hadi mkiani.

"Mbona bado unaongea, mzee? Wewe bado mzima. Ngoja ukauke, ndipo nikuletee."

Korongo aliitwa mbio. Mwiba ulitoka kabla Chatu hajamaliza kuomba radhi.