Kikapu cha Bi Mwanakombo

Kila mara paka wake alipozaa, Bi Mwanakombo aliwatia watoto kikapuni, akaenda kuwatupa soko la samaki, akarudi mbiombio asisikie vilio vyao. Leo kikapu hicho kilimrudisha paka mwenyewe kutoka kwa daktari wa mifugo, tumbo limenyolewa na kushonwa.

"Umemfunga kizazi, shoga?" jirani yake Saumu alimaka mlangoni. "Masikini, hatazaa tena!"

"Hatazaa. Na mimi sitatupa tena mtoto wa mtu."

Alikikung'uta kikapu, akaleta vitunguu avitie. Paka akamtangulia. Alikinusa ndani kote, kama alivyozoea watoto wake walipotoweka, kisha akajikunja humo, akasinzia.

Bi Mwanakombo akavipanga vitunguu sakafuni, kimoja kimoja, asimwamshe.