Nafasi Mbili za Fuko

Hapo wanyama walipoanza kuandika programu za kompyuta, Nungunungu na Kakakuona walipewa kazi ya king'ora cha mto: maji yakipanda kilie, wenye mashimo wakimbie. Mkaguzi wao alikuwa Fuko, na wanawe watatu walilala kwenye shimo la ukingoni.

Wapumbavu wawili wale waligombana juu ya mahali pa kuweka mabano ya programu tu. Nungunungu aliyaweka mwishoni mwa mstari, Kakakuona akayashusha kwenye mstari wa peke yake. Alichopanga huyu asubuhi, yule alikipangua jioni.

Fuko akaipapasa mistari mmoja mmoja, kisha akapaza sauti.

"Jamani, mmeandika kinyume! King'ora kitalia maji yakipungua. Nimesahihisha, pokeeni."

Nungunungu akatazama. "Mstari wako umeingia ndani kwa nafasi tupu mbili tu. Hapa kwetu ni nne."

"Ndugu yangu, mvua imeshaanza huko milimani!"

"Utaratibu ni utaratibu," akasema Kakakuona. Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana. Wakamrudishia sahihisho lake.

Mto ukafurika, king'ora kimya. Fuko alitoka mbio, lakini maji yalimtangulia shimoni. Siku ya tatu yakapungua, na hapo king'ora kikalia mchana kutwa, juu ya matope na mizoga.

Fuko akarudi na sahihisho lilelile, kucha zimegandwa na matope ya kuzika wanawe. Nungunungu akalisoma, akausogeza mstari ndani nafasi mbili zaidi, zikawa nne, akaguna kwa kuridhika.

"Unaona? Sasa tunaweza kulipokea."