Kokwa 2,311

Kitu cha kwanza alichokiona Begaiym kupitia tundu la pazia kilikuwa viatu vya bwana harusi. Kimoja kilikuwa na kamba yake. Cha pili kilifungwa kwa uzi mwekundu wa sufu.

Akaondoa jicho. Hakuja hapo kumwonea mtu huruma.

Kokwa za mti wa jozi zilikuwa zimemwagwa kwenye busati. Kijijini kwao bibi harusi huchagua idadi ya kokwa, na bwana harusi, asiyeambiwa idadi hiyo, hutaja wagawiwe wageni wangapi, wawili au zaidi. Zikigawanyika sawasawa, anamchukua mkewe. Akishindwa mara tatu anarudi kwao, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Hakukuwa na njia nyingine ya kuvunja uchumba bila ugomvi, na baba zao walikuwa wamepatana bila kumuuliza mtu.

Basi Begaiym, bibi harusi mwenyewe, alizidisha mbili kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja. Akapata 2,310. Akaongeza moja. Aliijaribu kwa kila namba hadi kichwa kikamuuma: haikugawanyika.

"Namba tasa!" alinong'ona Uulkan, mke wa kaka yake. "Siku ya harusi? Unataka uzeeke hapa ukitupikia chai?"

Begaiym alirudisha jicho kwenye tundu. Alihamia mguu huu, akahamia ule.

"Watu saba," alisema Kubat, bwana harusi.

Wanawake wakagawa. Ikabaki moja.

"Shemeji, huku hatugawi kwa macho mazuri!" Uulkan alimpigia kelele. "Na wewe si ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Wanafunzi wangu hawajui kutega kama nyinyi, shemeji." Akacheka. "Haya, kumi na moja."

Ikabaki moja.

Kubat akapiga magoti kusaidia kuzikusanya. Bibi kiziwi aliyekaa pembeni akamuuliza jina lake, akamwambia. Akamuuliza tena, akamwambia tena. Mara ya tatu akamsogelea sikioni, akamtajia kwa upole uleule, kana kwamba hajawahi kuulizwa.

Begaiym alihisi joto shingoni. Akakaa, akasimama. Huyu? Huyu ndiye ambaye yeye Begaiym alikuwa akimkimbia majira yote ya baridi?

Lundo lilikuwa limefika hadi ukingoni mwa pazia. Mkono wake ukatoka, ukarudi na kokwa moja. Zikabaki 2,310, idadi inayokubali mbili, tatu, tano, sita, saba, kumi. Asitaje nne tu, aliomba. Asitaje nane.

"Kumi," alisema Kubat.

Mabakuli kumi yakagawiwa kokwa moja moja. Begaiym alifuata kila mkono kwa jicho. Mwishowe busati likawa tupu. Bakuli la kumi lilikuwa limeshapata ya mwisho. Uulkan akavuta pumzi apige vigelegele.

"Subirini," alisema Kubat. Akainama, akapapasa chini ya busati, akainua mkono. "Hii hapa. Imebaki moja."

Wageni wakaguna. Kubat akashusha mabega kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kutafuta kofia yake.

Begaiym alifungua kiganja. Kokwa yake ilikuwamo bado. Ile ya Kubat ilikuwa ndefu, nyeupe, ya ganda jembamba, ya aina isiyoota kijijini kwa akina Begaiym: alikuja nayo kutoka kwao.

Akalisogeza pazia.

"Kubat," aliita mbele ya watu wote, "mimi nilikuwa nimeshakubali."